Mnada wa korosho na kilo zisizotajwa nyumbani

Kila Oktoba, mnada wa kwanza wa korosho ukikaribia, najua kazi yangu ya ushauri wa familia hapa Masasi itaongezeka. Watu huniuliza: iweje nyumba iliyovumilia kipindi cha kupalilia na kupulizia mikorosho dawa ya salfa ije kuvunjika wakati wa neema? Naamini pesa zenyewe hazina kosa. Kinachovunja nyumba ni kilo zisizotajwa.

Mama ameokota korosho tangu asubuhi, ameinama chini ya mkorosho mpaka kiuno kinauma, amezianika, amechambua mbovu. Baba anapeleka magunia chama cha msingi cha ushirika, yanapimwa, anapewa stakabadhi. Mnada ukipita, malipo yanaingia benki kwenye akaunti yenye jina lake peke yake. Mama anasikia bei redioni na anapiga hesabu kichwani, maana magunia aliyashona mwenyewe. Akiuliza, anajibiwa, "Bado hawajalipa." Wiki haijaisha, pikipiki mpya imeegeshwa uani. Wanaokuja kwangu baada ya hapo hawagombei pikipiki. Wanauliza, "Hivi mimi ni nani kwenye nyumba hii?"

Wanawake nao wana siri zao. Wapo wanaouza kidogo kidogo kwa kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, kwa bei ya hasara, kwa kuwa wanajua pesa za mnada hawataziona. Hofu ya mmoja inazaa siri ya mwingine, na wote wawili wanapoteza.

Na hiyo pikipiki? Binadamu huzoea haraka. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, waliwalinganisha washindi wa bahati nasibu na watu wa kawaida wa maeneo yao. Utafiti ulikuwa wa watu wachache, lakini unafikirisha: washindi hawakuwa na furaha kubwa kuliko wenzao, na mambo madogo ya kila siku, kama kupiga soga na rafiki, hayakuwafurahisha kama yalivyowafurahisha wale wengine. Watafiti wa Harvard nao, ambao wamefuatilia maisha ya watu tangu 1938, wamekuta kwamba uhusiano mwema na watu wa karibu unaendana na afya na furaha uzeeni. Ninapoyasoma hayo nawaona wazee wetu wa huku: anayeitwa tajiri ana bati jipya, lakini hana wa kumpikia uji akiugua.

Msimu wa 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi walisubiri malipo kwa muda mrefu. Nyumba ambazo mke na mume walikuwa wanazijua kilo zao zilisubiri kwa shida, lakini zilisubiri pamoja. Kwingine kila siku ya kuchelewa ilihesabiwa kuwa uongo.

Kwa hiyo ninachowaomba wanandoa ni kidogo sana. Stakabadhi ikirudi kutoka chama cha msingi, isomwe kwa sauti siku hiyohiyo, watoto wakubwa wakisikia. Kabla pesa hazijaingia, kaeni mpange: ada na sare za Januari, salfa ya mwakani, deni la dukani, kisha cha mama na cha baba, kila mmoja chake cha kutumia bila kuulizwa. Pikipiki ikibaki kwenye hesabu, inunuliwe, na mama awe wa kwanza kupakizwa.