Roboti zinazotembea kwa kuiga viumbe: maana yake katika kufundisha uhandisi

Roboti inayoiga kiumbe ni mashine inayofuata kanuni inayomwezesha mnyama au mdudu kufanya jambo fulani. Haihitaji kufanana naye. Mwanafunzi akiunda mende wa plastiki mwenye vipapasio na mabawa, ametengeneza sanamu. Akiuliza mende anapitaje juu ya changarawe bila kupinduka, ameanza uhandisi.

Siri iko kwenye mpangilio wa miguu. Mende huinua mitatu na kubaki juu ya mitatu mingine: wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja, pamoja na wa kati wa upande wa pili. Hukaa kama mafiga, na maadamu kitovu cha uzito kimo ndani ya pembetatu hiyo, mwili unaweza hata kusimama katikati ya hatua.

Mwaka 1989, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Rodney Brooks na wenzake waliunda Genghis, roboti ya miguu sita yenye mota mbili kwa kila mguu. Haikuwa na ramani ya ardhi wala ubongo mmoja wa kupanga kila hatua. Kanuni nyingi ndogondogo zilifanya kazi sambamba, na mwendo ukazaliwa humo. Baadaye ikaja RHex, roboti nyingine ya miguu sita, yenye mota moja tu kwa kila mguu. Mguu wake umepinda na unanesa, hivyo umbo lenyewe linabeba sehemu ya kazi ambayo ungedhani ni ya programu. Kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote, na ni gumu kulifundisha ubaoni.

Mezani somo hilo, kwamba si kila jambo ni la programu, linajionyesha haraka. Roboti ya sevo 18 (mota zinazogeuka hadi pembe iliyoamriwa) inajaribu kusimama. Mota zote zinavuta umeme kwa pamoja, volti ya betri inashuka, kompyuta ndogo inajizima na kuwaka upya, roboti inalala chini. Aliyeandika programu anatafuta kosa kwenye mistari yake, kumbe liko kwenye betri. Hapo mwanafunzi wa umeme, wa mitambo na wa kompyuta hawana budi kusikilizana.

Kwa kuanzia, sevo mbili kwa kila mguu zinatosha: moja ya kuinua, moja ya kusukuma nyuma.