Faini ya mji unaofunga uwanja wa ndege bila taarifa

Dola 33,000. Ndiyo faini iliyolipwa na jiji la Chicago kwa kuuchimbua uwanja wake wa ndege usiku bila kutoa taarifa. Wengi wakisikia kiasi hicho hudhani kuna sifuri zimedondoka. Hazijadondoka, na hesabu yake tutaifanya hapa chini.

Uwanja wenyewe uliitwa Meigs Field. Ulifunguliwa Desemba 1948 kwenye Northerly Island, kipande cha ardhi kilichojazwa kwa mikono ya watu ndani ya Ziwa Michigan, jirani kabisa na katikati ya jiji. Ulikuwa mdogo, wenye barabara moja ya kurukia ya futi 3,900 hivi, yaani kama mita 1,190. Hata hivyo ulijulikana duniani, maana kwa miaka mingi programu ya Microsoft Flight Simulator ilimwanzishia mchezaji safari yake hapo. Kuna watu ambao hawajawahi kukanyaga Marekani lakini wanayajua magorofa ya Chicago kwa kupaa kutoka Meigs kwenye kompyuta.

Meya Richard M. Daley alitaka pawe bustani. Mwaka 1996 aliufunga, jimbo la Illinois likaingilia kati, ukafunguliwa tena 1997. Mwaka 2001 yeye na Gavana George Ryan wakaelewana uendelee kwa miaka mingi, ikiwa ni sehemu ya mapatano ya kuupanua uwanja mkubwa wa O'Hare, lakini sheria ya kuyapa mapatano hayo nguvu ilikwama kwenye Seneti ya Marekani. Kisha, Jumapili ya Machi 30, 2003, saa sita usiku ikikaribia, matingatinga yakaingia yakisindikizwa na polisi. Kulipokucha, barabara ya kurukia ilikuwa na X sita kubwa katikati yake. Rubani akiiona X kutoka angani anajua njia ile imefungwa. Ni alama ya kawaida, ila huwa inapakwa rangi. Hii ilichimbwa. Ndege 16 zilizokuwa zimeegeshwa zikakwama, mpaka baadaye mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilipoziruhusu ziondokee kwenye njia ya kiungio, ile ambayo ndege hupita taratibu ikielekea barabara ya kurukia.

Meya alitaja usalama: mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalikuwa bado mabichi, na magorofa yako pale pale. Alisema pia kwamba njia nyingine yoyote ingezua malumbano. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipousema ukweli wote. Kanuni zilitaka taarifa itolewe siku 30 kabla, na siku 30 zinamtosha mpinzani kumtafuta wakili na kuomba zuio la mahakama. Barabara ikishachimbwa, jaji anazuia nini?

Sasa tuje kwenye hesabu. FAA haikuweza kuiadhibu Chicago kwa kufunga uwanja, maana uwanja ulikuwa chini ya jiji lenyewe. Huko viwanja vingi vya umma vinamilikiwa na miji na kaunti, tofauti na kwetu ambako viwanja vikuu viko chini ya mamlaka za taifa kama TAA ya Tanzania au KAA ya Kenya, na meya hana tingatinga la kupeleka huko. Kosa lililobaki lilikuwa la taarifa. Tena hata hilo lina mipaka: kanuni za FAA, sehemu ya 157, kwa kawaida hazimlazimishi mmiliki kutoa taarifa kabla ya kuacha kutumia kiwanja. Zinamtaka atoe ya siku 30 pale tu ambapo pana utaratibu rasmi wa kutua kwa kuongozwa na vyombo vya ndani ya ndege badala ya macho, au pana mkataba na serikali kuu wa kukiendesha kama kiwanja cha umma. Meigs ilikuwa na utaratibu wa kutua kwa vyombo. Kiwango cha juu cha faini kilikuwa dola 1,100 kwa siku. Zidisha kwa siku 30.

Kwa nini vyombo vilete tofauti? Rubani aliye ndani ya mawingu haoni barabara. Anafuata chati inayomwambia awe kimo gani, aelekee wapi, na kama hajaiona barabara ifikapo hatua fulani apande tena. Chati hizo hutolewa kwa ratiba, na kwa utaratibu wa kimataifa uitwao AIRAC, mabadiliko makubwa yanapaswa kumfikia mtumiaji angalau siku 28 kabla ya kuanza kutumika, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe. Utaratibu huo unatokana na mkataba wa usafiri wa anga wa kimataifa, uliotiwa saini Desemba 7, 1944. Mji ulikotiwa saini ni huohuo, Chicago.

Palipouma zaidi ni kwenye mfuko. Sheria ya Marekani inataka mapato ya uwanja wa ndege yatumike kwa shughuli za viwanja vya ndege, na FAA ilidai kwamba kazi ya kubomoa Meigs ililipiwa na fedha za aina hiyo. Septemba 2006 wakamalizana: jiji lilipe ile 33,000, na lirudishe dola milioni 1 kwenye mfuko wa viwanja vyake. Halikukiri kosa.

Kabla ya hapo, Desemba 2003, Bunge la Marekani lilikuwa limeshapandisha bei. Sheria iliyopewa jina Vision 100 ilikataza taasisi ya umma kufunga kabisa uwanja ulio kwenye mpango wa taifa wa viwanja bila kumwandikia mkuu wa FAA siku 30 kabla. Anayekiuka hulipa hadi dola 10,000 kwa kila siku uwanja unapobaki umefungwa bila taarifa hiyo, na kiwango kimekuwa kikirekebishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwa siku zilezile 30 ingekuwa dola 300,000.

Lakini msomaji asidhani sheria hiyo inaulinda uwanja usifungwe. Inalinda taarifa tu. Mji ukiandika barua na kusubiri siku 30, faini hii haiugusi. Kinachoufunga mji mikono ni ruzuku: ukipokea fedha za serikali kuu za kuendeleza uwanja, kwa kawaida unaahidi kuuendesha kwa miaka 20, na ardhi iliyonunuliwa kwa fedha hizo ina masharti yasiyo na ukomo.

Santa Monica, California, walipitia njia hiyo ndefu. Jiji liligombana na FAA kwa miongo kadhaa, na mwaka 2017 wakakubaliana barabara ya kurukia ipunguzwe kutoka karibu futi 5,000 hadi 3,500, na jiji liwe huru kuufunga uwanja baada ya Desemba 31, 2028. Mwenye ndege Santa Monica alipewa karibu miaka 12 ya kutafuta pa kuihamishia. Wenye ndege 16 za Meigs walipata habari Jumatatu asubuhi.