Vimeng'enya vya sukari katika saratani ya mapafu: alama ya maabara inasema nini kuhusu uhai

Seli yenye oksijeni ya kutosha huchoma glukosi hadi mwisho ndani ya mitokondria, na kila molekuli huipatia takriban ATP 30 (ATP ni molekuli inayobeba nishati ya seli). Seli nyingi za saratani ya mapafu huikatisha kazi hiyo njiani. Huigeuza glukosi kuwa laktati (asidi laktiki) hata oksijeni ikiwapo, zikiambulia ATP 2 tu. Otto Warburg alilieleza jambo hili miaka ya 1920. Uvimbe haupati hasara: glukosi ya ziada huupa malighafi ya kujenga seli mpya, na asidi inayomwagwa nje huzidhoofisha seli za kinga.

Kazi hiyo huendeshwa na vimeng'enya kama heksokinasi 2, inayoinasa glukosi ndani ya seli, na LDHA, inayotengeneza laktati. Tafiti nyingi zimeona kwamba wagonjwa ambao uvimbe wao una vimeng'enya hivi kwa wingi huelekea kuishi muda mfupi zaidi. Lakini huo ni mwelekeo wa kundi, wala si hukumu ya mtu mmoja.

Kiasi cha kimeng'enya hupimwa kwenye kinyama kilichotolewa mapafuni. Kinyama hulowekwa kwenye formalini (kemikali ya kuhifadhi) ya asilimia 10 kwa saa 6 hadi 72, hugandishwa kwenye nta, hukatwa vipande vya unene wa mikromita 4 hivi, kisha hupakwa kingamwili inayoacha rangi ya kahawia. Tuseme asilimia 20 ya seli zina rangi hafifu (1), 30 ya wastani (2), 40 nzito (3), na 10 hazina kitu. Kila asilimia huzidishwa kwa namba ya rangi yake, kisha hujumlishwa: alama ni 20 + 60 + 120, yaani 200 kati ya 300.

Hapa ndipo makosa huingia. Kinyama kikichelewa kufika kwenye formalini, protini huharibika na rangi hufifia. Sindano ya kutolea kinyama ikigusa pembeni tu, katikati ya uvimbe penye uhaba wa oksijeni hapaonekani. Kosa baya zaidi, kwa maoni yetu, ni mtafiti kuchagua mpaka wa alama za "juu" na "chini" baada ya kuona nani amefariki. Hapo tofauti ya uhai kati ya makundi huweza kuonekana hata kama haipo kweli.

Ukipokea jibu la LDH ya damu, yaani kimeng'enya cha jamii ya LDHA kinachopimwa kwenye damu badala ya kinyama, hilo ni jambo jingine. Chembe nyekundu, ambazo nazo zina LDH, zikipasuka wakati wa kuchukua damu, kipimo hupanda chenyewe. Omba kirudiwe kwa sampuli mpya.