Mke wa Rais si "Mwanamke wa Kwanza"

Mpwa wangu wa gredi ya sita alitusomea insha yake sebuleni, Buruburu: "Michelle Obama alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani." Mdogo wake akauliza kama kabla yake nchi hiyo ilikaliwa na wanaume watupu. Pembeni mwa sentensi mwalimu alikuwa ameweka tiki nyekundu.

Anayekusudiwa ni mke wa rais, ambaye hushika shughuli za heshima za Ikulu bila kupigiwa kura wala, huko Marekani, kulipwa mshahara. Kosa limetokana na kufasiri Kiingereza "First Lady" neno kwa neno. "Wa kwanza" katika Kiswahili huonyesha mfuatano: mtoto wa kwanza, au mke wa kwanza, ambaye kwetu ni yule aliyeolewa kabla ya mke mwenza. Cheo hubebwa na "mkuu". Ndiyo maana waliotutangulia, walipokutana na cheo cha Kiingereza ambacho asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kwanza", walisema waziri mkuu, wala hawakusema waziri wa kwanza. "Mama wa Taifa" nalo ni jina la mapenzi, na ndiyo sababu Maria Nyerere wa Tanzania amebaki nalo miaka mingi baada ya mumewe kuondoka madarakani.

Kwa Michelle kosa hili linauma zaidi, kwa kuwa linafunika uanzilishi wake wa kweli. Alizaliwa Chicago mwaka 1964, baba yake akifanya kazi katika mtambo wa maji wa jiji. Akahitimu Princeton mwaka 1985, kisha sheria Harvard mwaka 1988. Barack alipofika mwaka 1989 katika ofisi ya mawakili alikofanya kazi Michelle, Michelle ndiye aliyepewa jukumu la kumwelekeza. Hakuwa mwanasheria wa kwanza katika nafasi ya mke wa rais, kwani Hillary Clinton, mke wa Rais Bill Clinton, alihitimu sheria Yale mwaka 1973.

Nilimpa mpwa wangu penseli. Tiki ya mwalimu tuliiacha, naye akaandika chini yake, polepole: "Michelle Obama ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mke wa rais wa Marekani."