Manga, kosplei na maneno ya mtaani Dar

Mashabiki wa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, Dar hatuko wachache. Ingia kibanda chochote cha kuwekea muvi kwenye flashi pale Manzese au Kariakoo, muulize kijana wa kompyuta kama ana anime, zile filamu za katuni za Kijapani. Atakufungulia folda ambalo hutalimaliza hadi mwakani. Tunaangalia, tunasoma kwenye simu, tunabishana usiku kucha nani anampiga nani. Lakini yakianza kuzungumzwa yale matamasha makubwa, kumbi zenye maelfu ya watu waliovaa kama wahusika (ndiyo kosplei), hapo kila mtu ana lake, na mengi si kweli. Nimehudhuria tamasha kubwa la Nairobi na nimekuwa nikifuatilia ya Tokyo (Comiket) na San Diego (Comic-Con) kwa muda mrefu. Haya ndiyo ninayoambiwa zaidi, kijiweni, nyumbani na kazini.

“Katuni ni mambo ya watoto”

Hii inanishangaza ikitoka kwa mtu wa Dar. Jiji hili limekulia kwenye katuni za watu wazima. Chakubanga wa Christian Gregory alikuwa akisomwa kwenye gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960, na waliokuwa wakimsoma hawakuwa watoto wa chekechea. Baadaye likaja gazeti la Sani na akina Madenge na Ndumilakuwili. Ukikuta mzee kalishika, unasubiri amalize ndipo nawe upate zamu. Akaja na Kingo wa James Gayo. Leo mzee yuleyule anamwambia mwanawe aachane na katuni akasome.

Japani mambo ni hayohayo, ila wao wameyapanga kibiashara. Manga huchapwa kwa kundi la msomaji: shonen kwa wavulana, shojo kwa wasichana, seinen kwa wanaume watu wazima, josei kwa wanawake. Machiko Hasegawa alianza mwaka 1946, nchi ikiwa bado inafukia mashimo ya vita, kuchora gazetini maisha ya mwanamke mmoja na familia yake. Keiji Nakazawa, aliyekuwa na miaka 6 bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima, mwaka 1973 alianza kuchora kwenye jarida hadithi iliyotokana na aliyoyapitia siku ile na baada yake. Hiyo si hadithi ya kumbembelezea mtoto alale. Hata jarida la vijana la Weekly Shonen Jump, lililoanza 1968, mwishoni mwa 1994 lilifikia nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Huwezi kufika huko kwa hela ya wavulana wa shule peke yao. Baba zao na kaka zao walikuwa wakinunua.

“Hayo mavazi ni Freemason”

Shangazi yangu wa Temeke alikuwa akipitia picha zangu za Nairobi kwenye simu. Akafika kwenye moja, akasimama, akavuta miwani.

“Baba, huyu mwenye pembe ni nani?”

“Ni msichana wa chuo, shangazi. Anasoma uhasibu.”

“Na pembe?”

“Sponji.”

Akaikuza ile picha kwa vidole viwili, akaitazama weee, kisha akauliza: “Hilo koti kashonewa na nani? Mbona bega limekaa vizuri hivi?”

Shangazi ni fundi cherehani, kwa hiyo aliona kilichopo. Aliyeshona lile koti alikuwa msichana mwenyewe. Kosplei ni kazi ya mikono kabla haijawa kitu kingine chochote, na wanaoiogopa ni wale ambao hawajawahi kuona inavyotengenezwa. Ngoja nieleze.

Ile mikeka ya sponji ngumu ya kuunganisha vipande, ambayo watu huwatandikia watoto sebuleni, ndiyo deraya za mashujaa mnazoziona kwenye picha. Unachora umbo kwenye karatasi, unalikata, unalihamishia kwenye sponji. Ukiipasha moto kwa draya ya saluni inalainika. Ipinde, ishikilie hadi ipoe, itabaki ilivyopindwa. Gundi ni ile ya mafundi viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi ukigusa isinate kidoleni, ndipo unabandika. Wengi hawana subira, wanabandika ikiwa mbichi, na bega linaachia katikati ya ukumbi. Kabla ya rangi ya kupuliza, pakaa gundi nyeupe ya mafundi seremala tabaka kadhaa, la sivyo sponji inakunywa rangi yote na kubaki na madoa kama ukuta uliopigwa chokaa nusu.

Kwa vifaa, Dar ina neema. Wigi? Huu ni mji wa saluni. Vitambaa viko Kariakoo, makoti ya kukatwa na kugeuzwa yako kwenye mitumba ya Karume, na fundi wa kukushonea yuko barazani kwa jirani. Na anayesema Mwislamu hawezi kushiriki aangalie Malaysia na Indonesia, ambako wasichana huikunja hijabu ya rangi ikashika nafasi ya nywele za mhusika, na unamtambua mara moja ni nani.

Kuna hofu moja tu ya mavazi ambayo naiheshimu, nayo haihusiani na mashetani. Wahusika wengi wa manga ni askari. Hapa kwetu raia kuvaa sare za jeshi ni kosa, na mwezi Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 kwa wenye mavazi ya kijeshi kuyasalimisha. Ukimpenda mhusika wa kombati la mabaka, mpende ukiwa nyumbani. Chagua mwenye kimono.

Silaha nazo zina utaratibu. Matamasha makubwa karibu yote hukagua kila upanga na bunduki ya bandia mlangoni, na chuma halisi hakipiti. Pale Nairobi mlinzi aliuchukua upanga wa jamaa aliyekuwa mbele yangu, mrefu kuliko yeye mwenyewe, akaupinda mpaka ncha ikakaribia mpini, akauachia ukanyooka, akamrudishia huku akicheka. Na Tokyo, kwenye Comiket, huruhusiwi hata kufika ukiwa umeshavaa; unakuja na begi lako, unalipia chumba cha kubadilishia, unavalia humohumo.

“Aliyevaa hivyo anataka kushikwa na kupigwa picha”

Hapana. Muombe kwanza, naye akikataa nenda zako. Tamasha la New York Comic Con liliweka mabango ya onyo hilo ukumbini tangu 2014, kwamba mavazi si ruhusa, na Comiket ina maeneo maalumu ya kupigia picha. Wanaume wa Dar, hili tunalijua vizuri kuliko tunavyokiri.

“Unaenda kununua vitu na kuona mastaa”

Wengi huwaza Sabasaba: unakata tiketi Kilwa Road, unazunguka mabanda, unanunua sufuria na aiskrimu, unarudi na kipeperushi. San Diego ina sura hiyo kwa kiasi. Ukumbi wake mkubwa, Hall H, unaingiza watu kama 6,500, na kuna wanaolala nje usiku ili wawaone waigizaji wa Marekani kwa saa moja. Ukiwa shabiki wa manga, ukaenda San Diego ukidhani ndiyo makao makuu ya manga, utajikuta kwenye tamasha lililoanzia kwenye vitabu vya katuni vya Kimarekani na sasa limejaa filamu. Si vibaya, ila ujue unakokwenda. Kwa Ulaya, wa manga hukimbilia Japan Expo karibu na Paris, maana Wafaransa ni wasomaji wakubwa wa manga, wakubwa hasa.

Comiket ya Tokyo ni habari nyingine kabisa, na hapa naomba nikae. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, Agosti na Desemba, kwenye kumbi za Tokyo Big Sight tangu 1996. Miaka ya kabla ya korona ilikuwa ikipokea zaidi ya watu nusu milioni katika siku chache. Ukisikia idadi hiyo unawaza makampuni makubwa na majukwaa yenye taa. Makampuni yapo, pembeni. Moyo wa tamasha ni meza: safu kwa safu za mashabiki waliochora, wakachapisha kwa hela yao, wakaja kuuza vitabu vyao wenyewe, dojinshi. Kundi moja hupewa nusu ya meza, sentimita 90 kwa 45. Hapo upange vitabu, kibao cha bei, chenji na kiwiko chako. Bei nyingi ni yen 500 au 1,000, kwa hiyo wazoefu huja na sarafu tayari, na anayetoa noti ya yen 10,000 asubuhi anaangaliwa kama anayempa konda wa daladala noti ya elfu kumi saa kumi na mbili alfajiri.

Waandaaji wana msimamo ambao nadhani ndio ufunguo wa yote: Comiket haina mteja. Anayeuza, anayenunua, aliyevaa, anayepanga foleni kwa kujitolea bila mshahara, wote ni washiriki, na wote wana wajibu. Tangazo la kufunga likisomwa, ukumbi mzima hupiga makofi, kila mtu akimpigia mwenzake. Ndiyo maana foleni ya maelfu inakaa sawa bila virungu.

Na kwenye meza hizo ndogo ndiko wanakotokea wakubwa. CLAMP, kundi la wanawake ambao kazi zao zimesomwa dunia nzima, walianza na dojinshi miaka ya 1980.

Nairobi ilikuwa na sehemu yake ya wasanii, na ndiko nilikotumia muda mwingi. Dada mmoja alikuwa na michoro kwenye mifuko ya nailoni, bei zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi, na mbele kabisa rundo la stika. Nilimuuliza kwa nini stika zimewekwa mbele ya kitabu. “Kaka, stika inalipa meza, kitabu kinalipa jina,” akanijibu huku akimrudishia mtoto chenji.

“Hii ni dunia ya wavulana”

Comiket ya kwanza kabisa, tarehe 21 Desemba 1975, wengi sana wa waliofika walikuwa wasichana wa sekondari, wapenzi wa shojo. Nadhani hapo inatosha.

“Manga yote ya simuni ni ya wizi, hakuna njia nyingine”

Wizi upo, tena mwingi, na vile vibanda vya flashi haviwezi kujitetea. Ila kusema hakuna njia nyingine si kweli. Tangu Januari 2019 wachapishaji Shueisha wana programu ya Manga Plus, inayofunguka hata hapa Tanzania. Kwa hadithi nyingi unasoma bure angalau sura 3 za mwanzo na 3 za karibuni kabisa, sura mpya ikitoka siku ileile inayotoka Japani. Kizuizi chake ni lugha, kwa sababu lazima usome Kiingereza au lugha nyingine waliyoiweka. Bando lenyewe halizidi la kuangalia video za vichekesho.

“Dar haiwezi kuwa na tamasha lake mpaka apatikane mdhamini mkubwa”

Hii ndiyo inayoniudhi, maana inatoka kwa sisi wenyewe. Tunangoja kampuni ya simu ije na hundi, na ikichelewa tunasema Wabongo hawapendi vitu hivi.

Tazama walikoanzia wenzetu. San Diego ilianza Machi 1970 kwa siku moja ya majaribio, kwenye chumba cha chini cha hoteli, wakaja watu kama 100. Comiket ya 1975 ilikuwa na makundi 32 ya wachoraji na watu wapatao 700. Huo ni umati wa mnuso wa kawaida wa Kinondoni. Harusi nzito inauzidi. Waliokuwa nyuma yake walikuwa vijana wachache, Yoshihiro Yonezawa akiwa mmoja wao, waliochoshwa na tamasha lililokuwepo wakaamua kufanya lao.

Wachoraji 32 Dar wapo. Wengine wanachora matangazo ya saluni na migongo ya bajaji, na jioni wanachora manga kwenye daftari la mwanafunzi. Meza za plastiki zinakodishwa kila mtaa. Uchapaji mdogo unafanyika Kariakoo ukisubiri. Kikwazo wanachonitajia kila mara ni ukumbi, kwamba kumbi ni ghali. Ni ghali Ijumaa mpaka Jumapili, kwa sababu ya harusi na vikao vya harusi. Likizo ya Juni, siku ya Jumanne, ukumbi umefungwa, mlinzi amelala kwenye viti vilivyopangwa, na mwenye ukumbi ukimpigia simu bei inaongeleka.