Gharama zisizo za moja kwa moja katika bajeti ya utafiti

Ukifungua bajeti ya andiko la utafiti la chuo kikuu, mistari mingi inajieleza yenyewe: malipo ya wasaidizi, posho za kwenda vijijini, vitendanishi vya maabara, na ada ya kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kama utafiti unafanyika Tanzania. Chini kabisa upo mstari wenye asilimia, na huo ndio unaozua maneno kati ya mtafiti, mhasibu na mfadhili. Ni mstari wa gharama zisizo za moja kwa moja, ambazo wengi chuoni huziita ovahedi.

Hizi ni fedha za kulipia vitu ambavyo mradi unavitumia, lakini huwezi kukata kipande chake ukakitolea risiti. Chukua friji la nyuzi 80 chini ya sifuri linalotunza sampuli za damu za utafiti wa malaria. Friji lenyewe, likinunuliwa kwa ajili ya mradi, ni gharama ya moja kwa moja: lina ankara na lina bei. Lakini umeme wake unasomwa kwenye mita ya jengo zima. Jenereta inayowashwa umeme ukikatika usiku inahudumia ndaki nzima, na mlinzi anayekesha getini halindi mradi mmoja. Ongeza ofisa ununuzi aliyeshughulikia zabuni ya friji, mkaguzi wa ndani, na mhasibu anayeandaa taarifa ya fedha kwa mfadhili. Mradi usipochangia haya, chuo kitayalipa kwa ada za wanafunzi au fungu la serikali. Ndiyo maana sikubaliani na lawama kwamba chuo kinamkata mtafiti fedha zake.

Kiwango hupangwa na mfadhili. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, huzipa taasisi za nje ya nchi hiyo asilimia 8, wakati vyuo vingi vikubwa vya Marekani vimejadiliana na serikali yao hadi kupata zaidi ya asilimia 50. Pengo hilo ni kubwa mno, kwa sababu jenereta na dizeli yake haviko Boston, viko huku. Gates Foundation huvipa vyuo vikuu hadi asilimia 10. Programu ya Umoja wa Ulaya, Horizon Europe, hutoa asilimia 25 kwa mkupuo, bila kudai risiti za fungu hilo.

Hesabu yenyewe inawaangusha wengi. Asilimia huwekwa juu ya gharama za moja kwa moja, siyo juu ya jumla kuu. Tuseme mfadhili ameweka ukomo wa shilingi milioni 110, ovahedi ikiwemo, kwa asilimia 10. Usichukue asilimia 10 ya 110 ukapata 11. Gawanya 110 kwa 1.10: gharama za moja kwa moja ni milioni 100, ovahedi ni milioni 10. Tena, si kila shilingi ya moja kwa moja inaingia kwenye hesabu. NIH huondoa vifaa vikubwa, karo, na sehemu kubwa ya fedha zinazopelekwa kwa taasisi washirika. Bajeti ya dola 200,000 yenye friji la dola 20,000 inahesabiwa kwa dola 180,000, na asilimia 8 yake ni dola 14,400.

Mkataba wa utafiti ni habari nyingine. Ruzuku, yaani fedha za wafadhili kama hao wa juu, inasaidia wazo la mtafiti, lakini kwenye mkataba kampuni au wizara inanunua kazi iliyoitaja yenyewe, kwa muda na bei mlizokubaliana, na mara nyingi asilimia ya ovahedi inajadiliwa mezani. Ijadili kabla ya kusaini. Na kwa kawaida anayesaini siyo mtafiti, ni ofisa aliyeidhinishwa na chuo, kwa hiyo ofisi ya utafiti ipate andiko mapema, ikiwa bado kuna nafasi ya kurekebisha bajeti.