Je, wajua kwa nini 7 ya IELTS si asilimia 78?

Jioni moja mpwa wangu alinipigia simu akihema kama aliyepanda ngazi mbio. "Mjomba, nimepata saba!" Alikuwa ametoka kuangalia matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vingi vya nje huutaka kabla ya kumpokea mwanafunzi ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza. Mama yake, dada yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari, alikuwa kando anasikiliza. Nikamsikia anauliza: "Saba kati ya ngapi?"

Kati ya tisa. Akagawanya kwenye simu yake, akapata asilimia 77 na ushei, karibu 78. Katika mtihani wetu wa kidato cha nne A inaanzia 75, kwa hiyo akahitimisha: "Hiyo ni A, mwanangu. Hongera." Tukafurahi wote.

Wiki tatu baadaye chuo kikamwandikia kwamba hajatimiza sharti la Kiingereza. Sharti lenyewe tulilijua: lilianza na namba 6.5. Mtoto ana 7, chuo kinataka 6.5, na bado anakataliwa. Dada alidhani kuna mtu amekosea faili. Nikaomba nitumiwe picha ya karatasi ya matokeo, na nilipoiona nikaelewa kwamba chuo hakikukosea. Sisi ndio tuliosoma vibaya, na tulianza kusoma vibaya pale pale tulipogawanya saba kwa tisa.

Namba ya IELTS ni jina la ngazi. Kipimo hiki, kinachotumika tangu 1989, kina maelezo ya mtu wa kila ngazi, na namba ni jina la maelezo hayo. Ngazi ya 9 ni bingwa wa lugha, 7 ni mtumiaji mzuri ambaye huteleza mara moja moja, 6 ni mtu anayejimudu ingawa makosa yapo. Kugawanya 7 kwa 9 ni sawa na kusema aliye ghorofa ya saba ya jengo la ghorofa tisa amemaliza asilimia 78 ya jengo. Namba inakuambia amefika wapi, na ndani ya ghorofa kuna nini ni habari nyingine.

Sisi wenyewe tuna vipimo vya aina hii, ila tumevizoea mno hata hatuvioni. Kwa matokeo ya kidato cha nne Tanzania, pointi 7 ndiyo Division One ya juu kabisa: masomo saba, kila moja A, na kila A ina pointi 1. Mwenye 17 bado yumo Division One, mwenye 18 ameshuka Division Two. Namba ikipanda, mtoto ameshuka. Vuka mpaka wa Namanga uende Kenya, utakuta A ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ina pointi 12 na namba ikipanda ndiyo sherehe. Hakuna mzazi wa Arusha anayegawanya pointi za mwanawe kwa 35, zile za aliyefeli masomo yote saba. Anajua namba ile inasomwa kwa kanuni yake. IELTS nayo ina kanuni yake, na hakuna aliyetufundisha.

Tuanze na sehemu mbili zinazosahihishwa kwa kuhesabu, kusikiliza na kusoma. Kila moja ina maswali 40, na kila jibu sahihi ni alama moja. Kisha zile alama hupelekwa kwenye jedwali. Kwenye kusikiliza, ukipata kama 16 kati ya 40 uko ngazi ya 5. Kama 23 uko ya 6. Kama 30 uko ya 7. Kama 35 uko ya 8. Angalia 16 kwa makini: ni asilimia 40. Angalia 30: ni asilimia 75. Hizo namba hazitoki kwenye kugawanya kwa tisa hata ukijitahidi vipi.

Nasema "kama" kwa makusudi. Mtihani wa mwezi huu na wa mwezi ujao hautumii maswali yale yale, na hata watungaji wawe stadi kiasi gani, karatasi moja itakuwa ngumu kidogo kuliko nyingine. Kama alama zingetolewa kwa asilimia tupu, aliyeangukiwa na karatasi ngumu angeumia bila kosa. Kwa hiyo mpaka wa ngazi husogezwa kidogo, swali moja hivi, ili 7 ya Machi iwe na uzito ule ule wa 7 ya Oktoba. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuwapo kwa vipimo hivi vyote. Chuo kinapanga foleni moja watu waliofanya karatasi tofauti, siku tofauti, nchi tofauti, na kinahitaji namba inayomaanisha kitu kimoja kwa wote.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye sehemu ya kusoma. IELTS ina karatasi mbili za kusoma: ya kitaaluma kwa wanaokwenda chuo, na ya jumla ambayo hutumiwa sana na wanaohamia nchi nyingine. Ukipata 30 kati ya 40 kwenye ya kitaaluma, uko karibu na 7. Ukipata 30 ile ile kwenye ya jumla, uko karibu na 6, kwa kuwa habari zake ni nyepesi zaidi. Alama moja, ngazi mbili.

Kuandika na kuzungumza hakuna cha kuhesabu. Hapo mtahini anakuwa na maelezo ya kila ngazi na anakupima kwa mambo manne. Kwenye kuandika anaangalia kama umejibu ulichoulizwa, kama hoja zako zinafuatana, upana wa msamiati wako, na sarufi. Kuna kazi mbili ndani ya dakika 60: ya kwanza maneno 150 au zaidi, ya pili maneno 250 au zaidi, na ya pili ina uzito mara mbili ya ya kwanza. Nimekaa na vijana wengi wanaojiandaa, na karibu wote hutumia nusu saa nzima kupamba kazi ya kwanza, kisha wanaikimbilia ya pili jasho likiwatoka. Wanawekeza penye mavuno kidogo.

Jambo lingine linalowaangusha ni lile la kwanza kati ya manne, kujibu ulichoulizwa. Tumekua tukikariri insha. Utangulizi wa kupendeza, methali moja, hitimisho linalofanana na utangulizi. Mtahini wa IELTS akiona aya iliyokaririwa haipi thamani, hata kama Kiingereza chake kimenyooka. Kijana anatoka ukumbini akiamini ameandika vizuri kuliko siku zote, na kweli ameandika vizuri, ila swali liliuliza "kwa kiasi gani unakubali" naye hakusema popote kama anakubali.

Baada ya sehemu nne kupata ngazi zake, hutafutwa wastani, nao hupelekwa kwenye nusu iliyo karibu. Ukiishia .25 unapandishwa hadi .5, ukiishia .75 unapandishwa hadi namba nzima. Sasa rudi nami kwenye karatasi ya mpwa wangu. Kusikiliza 7.5. Kusoma 7.0. Kuzungumza 7.0. Kuandika 5.5. Jumla 27, gawa kwa nne upate 6.75, pandisha, ikawa 7.0. Ile saba iliyotupa shangwe ilikuwa imepanda kwa kukaribishwa, na ilikuwa imefunika 5.5 chini yake kama mkeka mzuri juu ya sakafu iliyopasuka.

Sharti la chuo, tulipolisoma hadi mwisho wa sentensi, lilisema 6.5 kwa jumla na isiyopungua 6.0 katika kila sehemu. Ile nusu ya pili ya sentensi ndiyo iliyomzuia, nasi hatukuifikia kwa sababu macho yalishaona namba tuliyoitaka.

Masharti mengi ya vyuo yameandikwa hivyo, namba mbili katika sentensi moja. Chuo Kikuu cha Oxford, kwa mfano, kina viwango viwili: kozi za kiwango cha kawaida hutaka 7.0 kwa jumla na angalau 6.5 kila sehemu. Za kiwango cha juu hutaka 7.5 na angalau 7.0 kila sehemu. Utaona pia kwamba IELTS yenyewe haina kufaulu wala kufeli. Mstari unachorwa na chuo. Karatasi ile ile inaweza kukataliwa na kozi ya sheria na kupokelewa na kozi ya hesabu, na hakuna aliyejipinga.

Upande wa Marekani mtihani wa Kiingereza uliotawala kwa miaka mingi ni TOEFL, na huko namba zina historia ya kushangaza. Kuna vyuo vingi vinavyodai alama 79. Kwa nini 79? Mtu anayeweka sharti kwa akili yake angechagua 75 au 80.

Jibu liko nyuma. TOEFL ilianza 1964 ikiwa mtihani wa karatasi, na kwa muda mrefu alama zake zilipanda hadi 677. Vyuo vilizoea kudai 550. Mwaka 1998 ukaja wa kompyuta wenye kipimo kipya cha 0 hadi 300, na 550 ya zamani ikalinganishwa na 213. Mwaka 2005 ukaja wa intaneti wenye kipimo cha 0 hadi 120, na 213 ikatafsiriwa kuwa 79 au 80. Kwa hiyo ile 79 ni mjukuu wa 550. Vivyo hivyo 600 ya karatasi ilizaa 250, kisha 100. Kila mara kipimo kipya kilikuwa tofauti kabisa na kilichotangulia, hivyo si rahisi karani kuchanganya alama za mtihani mmoja na za mwingine. Mitihani mingine ya Kiingereza nayo ina mianzo na miisho yake: PTE Academic inakwenda 10 hadi 90, Duolingo inakwenda 10 hadi 160 kwa hatua za tano tano. Kijana mwenye 120 ya TOEFL kwa kipimo hicho cha 0 hadi 120 amefika kileleni. Mwenye 120 ya Duolingo amefanya vizuri, ila bado ana mlima mbele yake. Ukimwambia mtu "nina mia na ishirini" bila kutaja mtihani, hujamwambia kitu.

Na TOEFL imebadilika tena. Tangu Januari 2026 matokeo yake yanatolewa kwa kipimo cha 1 hadi 6, kwa hatua za nusu nusu, na kwa miaka miwili ya mpito karatasi inaonyesha pia alama linganifu ya 0 hadi 120. Kwa hiyo kijana wa sasa akiona tovuti ya chuo bado imeandika 79, asishtuke.

Kipimo hiki kipya kimefuata ngazi za Ulaya za umahiri wa lugha, kuanzia A1 ya chini hadi C2 ya juu, zilizochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Ngazi hizo ndizo lugha ya kati ya mitihani yote hii, kama Kiswahili kinavyowakutanisha Msukuma na Mdigo sokoni. Mwombaji wa viza ya mwanafunzi wa shahada Uingereza, kwa mfano, hutakiwa B2, ambayo kwa IELTS inayokubaliwa kwa viza hiyo ni 5.5 katika kila sehemu. Hapo utaona kwamba serikali inaweza kuridhika na ngazi ambayo chuo kimeikataa. Mpwa wangu alikuwa ametimiza ya viza na kukosa ya darasa.

Jambo la mwisho ni gumu kuwaeleza wazazi. Hakuna mtihani unaompima mtu kwa usahihi kamili. Siku ina homa yake, chumba kina kelele zake, mada inaweza kuwa ya kitu unachokijua au usichokijua kabisa. Alama ni kadirio, na nyuma ya kila 7 kuna mtu ambaye wiki ijayo angeweza kupata 6.5 au 7.5 bila lugha yake kubadilika. Wanaotunga mitihani wanalijua hili na hulipigia hesabu. Matokeo nayo huhesabiwa kuwa hai kwa miaka miwili tu, kwa kuwa lugha isiyotumika hufifia.

Mpwa wangu alirudia mtihani baada ya miezi mitatu. Miezi yote mitatu alifanya jambo moja tu: kuandika kazi ya pili, maneno 250 kwa dakika 40, akianza kwa kupigia mstari neno la swali linalosema afanye nini. Mama yake alisahihisha kwa kalamu nyekundu mezani pa chakula. Matokeo yalipotoka, kusikiliza kulikuwa kumeshuka hadi 7.0, ingawa masikio yake yalikuwa yale yale. Kusoma 7.0. Kuzungumza 7.0. Kuandika 6.5. Jumla 27.5, wastani 6.875.

Akanipigia. "Mjomba, nimepata saba."

Safari hii dada yangu hakuuliza kati ya ngapi. Aliuliza, "Kuandika?"